Mcheza kwao hutunzwa, lakini mtoano wetu unaanzia Kyela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumze na mashabiki wenzangu wa Rungwe, ambao kwa majuma matatu sasa hawana habari nyingine kijiweni, sokoni wala ndani ya magari ya kwenda Uyole isipokuwa hatua ya mtoano ya ligi ya mkoa. Timu yetu imefika hapo, nami ninafurahi kama wanavyofurahi wao. Siitaji kwa jina kwa sababu vijana wanaoichezea hawalipwi mshahara. Wengi wao ni wachuma chai, madereva wa bodaboda na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi juzi, na sioni haki udhaifu wao ubandikwe jina gazetini kana kwamba ni watu wanaoishi kwa mpira. Watu wa Tukuyu watajua ni timu gani ninayoisema. Kuhusu wapinzani wetu wa Kyela, hakuna siri ninayowafichulia, maana walituma watu wao kututazama katika michezo yetu miwili ya mwisho, wakakaa nyuma ya goli kalamu mkononi.

Ninachotaka kusema ni kwamba tunazihesabu nguvu za timu yetu kana kwamba michezo yote miwili itachezwa Tukuyu, na udhaifu wetu tunauita bahati mbaya. Mchezo wa kwanza uko Kyela. Kwa maoni yangu huko ndiko tutakakovuka au kukwama, na mchezo wa marudiano hapa nyumbani utakuja kuthibitisha tu kile ambacho Kyela itakuwa imekwisha kuamua.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kazi nikiwa kijana katika miaka ambayo Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walishuka mlimani wakaenda kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Aliyekuwepo hahitaji kukumbushwa, na asiyekuwepo amesimuliwa mpaka anaamini alikuwepo. Tangu wakati huo kila timu inayochipuka wilayani hapa hupimwa kwa kipimo hicho, na kila kijana anayejua kupiga chenga mbili huambiwa kwamba anafanana na fulani wa mwaka ule. Ninaupenda urithi huo kwa moyo wote, lakini nimeona pia unavyotufanya tuitazame timu iliyo mbele yetu kwa macho ya timu iliyokwisha kupita. Kwa sababu hiyo nimejijengea mazoea ya kwenda uwanjani na daftari la shule, nikaandika kila bao lilipatikana dakika ya ngapi, lilianzia wapi na nani alikuwa amesimama wapi. Mengi ya haya nitakayoyasema yametoka humo.

Nianze na sifa, kwa kuwa ni za kweli. Nyumbani msimu huu hatujapoteza mchezo hata mmoja, na wala si kwa kubahatisha. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na vijana wetu wamezaliwa na kukulia humo wakipanda na kushuka vilima kwenda shule na shambani. Timu inayotoka bondeni, iwe Usangu au Kyela, hucheza nasi sawa kwa nusu saa, kisha utaona viungo wao wanaanza kushika kiuno na mabeki wao wanaacha kupanda. Hapo ndipo mabeki wetu wa pembeni wanapoanza kwenda mbele wote wawili kwa pamoja, krosi zinamiminika kutoka kulia na kushoto, na nahodha wetu, ambaye kwa kichwa sijaona wa kumzidi katika mkoa huu, anamalizia kazi. Mpira mrefu wa kipa wetu nao, katika hewa hii, husafiri mbali kidogo kuliko mgeni anavyotarajia, na mara kadhaa beki wa timu ngeni ameukadiria vibaya, ukampita juu ya kichwa. Ongeza mvua yetu, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, na uwanja ambao sisi tunajua ni sehemu ipi ina tope na ipi imekauka. Haya yote ni mali yetu, na hakuna sababu ya kuyaonea haya.

Lakini tazameni sifa hizo moja moja mjiulize ni ngapi kati yake zinaweza kupakiwa kwenye Coaster zikateremka nasi. Kutoka Tukuyu hadi Kyela ni mwendo usiofika saa mbili, na katika mwendo huo barabara inashuka zaidi ya mita elfu moja. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka garini Kyela mwezi huu wa Februari joto linakupokea mlangoni kama mtu aliyekuwa anakusubiri, na si joto kavu, ni joto la ziwa na mashamba ya mpunga, lenye unyevu ambao haukaushi jasho mwilini. Wataalamu wa mazoezi husema mwili wa mchezaji huhitaji kati ya juma moja na majuma mawili kuzoea joto la namna hiyo. Mpango wa viongozi wetu, kama ulivyotangazwa kwenye mkutano wa Jumapili iliyopita, ni kuondoka asubuhi ya siku ya mchezo na kurudi jioni ileile ili kuokoa gharama za malazi.

Wapo watakaosema ninatafuta visingizio kabla ya kufungwa. Kwa hao naomba nitoe mfano wa mbali kidogo, wa nchi yenye milima kuliko yetu. Julai 1993 Bolivia iliifunga Brazil mabao 2-0 mjini La Paz, mji ulio zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ikawa mara ya kwanza kabisa kwa Brazil kupoteza mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia. Mwezi uliofuata tu Bolivia ileile ilishuka hadi Recife, mji wa pwani, ikafungwa 6-0. Bolivia ilifuzu mwaka ule pamoja na hayo, kwa sababu kundi lake lilikuwa na michezo minane na ilikuwa imekusanya pointi za kutosha kwingineko. Sisi hatuna michezo minane. Tuna miwili, na ukiharibu mmoja kwa kiasi kikubwa, wa pili unakuwa wa kuagana.

Wala milima haimzuii mgeni aliyejiandaa. Tunaikumbuka Mbeya City ya msimu wa 2013/14, ambayo katika mwaka wake wa kwanza Ligi Kuu, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu na kuujaza Uwanja wa Sokoine rangi ya zambarau. Lakini tunasahau kwamba Azam, waliotoka pwani kabisa, walikuja Sokoine hapo Aprili 2014, wakashinda 2-1 na kutwaa ubingwa mbele ya macho yetu, katika msimu ambao hawakupoteza mchezo hata mmoja. Na timu iliyokatisha rekodi ya Yanga ya michezo 49 bila kufungwa, mwezi Novemba 2022, ilikuwa Ihefu ikiwa nyumbani kwake Ubaruku, katika bonde la Usangu, ambako hakuna baridi wala mwinuko wa kujivunia. Ilitangulia kufungwa, haikutawanyika, ikashinda 2-1. Nilikuwapo Ubaruku siku ile. Kilichonikaa kichwani ni jinsi mabeki wa Ihefu walivyokataa kupanda ovyo hata walipokuwa nyuma kwa bao moja na watu wote uwanjani wanawapigia kelele waende mbele.

Hapo ndipo penye kidonda chetu, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kwa muda.

Mabeki wetu wa pembeni ni wazuri wanapokwenda na si wazuri wanaporudi. Nyumbani udhaifu huo haujulikani, kwa sababu kufikia wakati wanapoanza kupanda, winga wa timu ngeni amekwisha kuchoka na hana mbio za kuutumia uwazi walioacha. Ugenini, katika joto, anayechoka ni beki wetu. Tulipokwenda Mbarali mwezi Desemba tulikuwa tunaongoza kwa bao moja mpaka robo saa ya mwisho. Nimeandika katika daftari kwamba kuanzia dakika ya sitini beki wetu wa kulia alikuwa akipanda na kurudi kwa kutembea. Kiungo wetu mkabaji, namba sita, alilazimika kuziba nafasi yake, na alipokwenda kulia, katikati pakabaki wazi kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada. Bao la kwanza la wenyeji lilitokana na pasi iliyopita katikati hapo bila kuguswa na mtu. La pili lilitoka kwenye kona iliyopatikana baada ya shambulizi la namna ileile. Tuliporudi nyumbani, gari zima lilimzungumza mwamuzi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na daftari langu mapajani, nikajaribu kueleza habari za namba sita, lakini hapakuwa na aliyetaka kusikia, na sikuwalaumu, kwa kuwa usiku ule wote tulikuwa na uchungu.

Sasa ninasema wakati uchungu umepoa. Kyela wana winga wa kushoto mwenye mbio ambaye atacheza moja kwa moja dhidi ya beki wetu huyo wa kulia. Kama beki huyo ataruhusiwa kupanda kama anavyopanda nyumbani, tutafungwa kupitia kwake, na baada ya mchezo tutamlaumu yeye, kijana wa miaka kumi na tisa, kwa kosa ambalo ni la mpango wa timu. Ninaliomba benchi la ufundi limwambie waziwazi kwamba Kyela kazi yake ni kukaba, avuke mstari wa katikati pale tu beki mwenzake wa kushoto anapobaki nyuma, na kwamba asipotoa krosi hata moja siku hiyo hakuna atakayemhesabia kwamba amecheza vibaya.

Na tukishakubaliana na hilo, swali linalowagawa mashabiki wetu kuliko maswali yote linajijibu lenyewe. Ninalisema swali la nani aongoze mashambulizi. Upande mmoja wako wazee wenzangu wanaosema nahodha ni nahodha, ndiye aliyetufikisha hapa, na kumweka benchi katika mchezo mkubwa ni kumvunjia heshima. Upande wa pili wako vijana wa stendi wanaotaka yule kinda aliyejiunga nasi katikati ya msimu, mwenye mbio na miguu mepesi, ambaye bado anakosa mabao ya wazi lakini hakuna beki anayependa kukimbizana naye. Wiki iliyopita mjadala huo ulifika mahali pabaya, mpaka mama mmoja anayeuza ndizi jirani na uwanja akalazimika kuwatenganisha watu wazima wawili, akiwaambia kwamba wachezaji wenyewe wanakula sahani moja.

Pande zote mbili zinawapima wachezaji hao kwa ubora, kana kwamba tunachagua kiranja. Nahodha anahitaji krosi. Krosi zinatoka kwa mabeki wanaopanda. Kama Kyela mabeki hawatapanda, nahodha atakaa peke yake kati ya mabeki wawili warefu akisubiri mipira isiyokuja, na mpira mrefu wa kipa, ambao huku kwetu unamfikia juu ya kichwa, kule utakuwa mfupi kidogo na utamkuta ameligeuzia goli mgongo. Kinda, kwa upande wake, hahitaji krosi. Anahitaji uwazi mbele yake na pasi moja ya haraka mara tu tunapoupokonya mpira, na timu ya Kyela ikicheza nyumbani mbele ya watu wake itakuja juu, itaacha uwazi huo. Kwa hiyo naona aanze kinda Kyela, na nahodha aingie mwishoni ikiwa tutakuwa tunalinda matokeo, kwa sababu kichwa chake kina faida pia ndani ya eneo letu la hatari. Katika marudiano hapa Tukuyu nahodha aanze, tena bila mjadala. Nilimweleza yeye mwenyewe mawazo haya tulipokutana dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi nataka tuvuke." Ninamheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa mabao yake yote.

Kuhusu kona na mipira ya adhabu nitasema kwa ufupi, maana kila mtu ameona. Tunakaba eneo wakati wachezaji wetu nusu hawajui eneo lao ni lipi, na kipa wetu, ambaye kwa mashuti ya mbali ni hodari kabisa, hubaki amegandia mstarini hata mpira unapoanguka ndani ya mita tano mbele yake. Mabao mengi tuliyofungwa msimu huu yameanzia hapo. Majuma mawili yaliyobaki hayatoshi kumbadilisha kipa tabia, lakini yanatosha kuwapa mabeki wawili warefu kazi ya kukaba mtu kwa mtu na kumweka mmoja kwenye nguzo ya karibu. Nimeona mazoezi ya timu nyingi katika umri wangu, na ninajua kwamba kona hufanyiwa mazoezi dakika za mwisho, jua likiwa linazama na watu wanawaza kwenda kuoga. Zifanyiwe mazoezi kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawapendi liguswe, nalo ni mechi za ndondo. Tunajua sote kwamba wachezaji wetu watatu au wanne, tena wa kikosi cha kwanza, huitwa vijijini kucheza ndondo siku za katikati ya wiki, wakipewa fedha kidogo na pengine kuku au mkungu wa ndizi. Sitawalaumu, kwa kuwa timu haiwalipi na nyumbani kuna watu wanaokula. Hata hivyo, mguu uliocheza Jumatano kwenye uwanja wenye mashimo haupumziki kufikia Jumamosi, na ule uchovu wa robo saa ya mwisho tunaoulalamikia unaanzia huko pia. Kama kweli tunautaka ushindi huu, basi kwa majuma haya mawili tu sisi mashabiki tuwafidie wachezaji hao kile wanachokipata kwenye ndondo. Kiasi chenyewe si kikubwa. Tukigawana, kwa kila mmoja wetu ni chini ya nauli ya kwenda Mbeya mjini na kurudi.

Fedha zenyewe zipo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona michango inayopitishwa kwa ajili ya ile inayoitwa kamati ya ufundi, na kila mkazi wa wilaya hii anajua kwamba kamati hiyo haihusiki na ufundi wa mpira bali na mambo ya waganga. Kila mtu na imani yake, nami sikuandika barua hii ili kugombana na imani ya mtu. Ninachojua ni kwamba michango hiyo, ikihesabiwa kwa msimu mzima, ingelipia usiku mitatu ya malazi Kyela kwa kikosi chote, maji ya kunywa ya kutosha na chakula kinachoeleweka. Kikosi kiondoke Alhamisi kwa ajili ya mchezo wa Jumapili. Siku tatu hazitaufanya mwili uzoee joto kikamilifu, lakini zitawafundisha vijana jinsi ya kunywa maji kabla ya kusikia kiu, zitawapa mazoezi mawili jioni kwenye nyasi zilizolowa, na zitamwonyesha kipa wetu mapema kwamba mpira wake mrefu unaanguka wapi. Siku hiyo ya mchezo, kocha asisubiri dakika ya themanini kufanya mabadiliko kama alivyofanya Mbarali. Beki au kiungo akianza kurudi kwa kutembea, atoke wakati huohuo, hata kama ni dakika ya hamsini na tano.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ninang'ang'ania mchezo wa kwanza kiasi hiki, wakati marudiano ni yetu na nyumbani hatufungiki. Nina sababu, na ni ya mkoani mwetu humuhumu. Juni 2023 Mbeya City, timu iliyokuwa imetupa raha ya miaka kumi, ilicheza michezo ya mchujo dhidi ya Mashujaa ya Kigoma ili kubaki Ligi Kuu. Wengi wetu tulijiambia maneno yaleyale ninayoyasikia sasa, kwamba Sokoine ni kwetu na kwamba mgeni hatatoka. Mashujaa walipanda daraja, Mbeya City ikashuka, na ikakaa misimu miwili kabla ya kurejea Ligi Kuu mwaka 2025. Mchezaji aliyezoea kushinda kwa msaada wa mlima hushtuka anapogundua kwamba leo mlima peke yake hautoshi, na akishtuka huanza kupiga mipira mirefu isiyo na mpango. Sitaki kuwaona vijana wetu wakiingia uwanjani hapa Tukuyu wakiwa na deni la mabao matatu na maelfu ya watu wanaowadai.

Sare ya bila kufungana Kyela itanitosha. Hata kufungwa bao moja nitakupokea, kwa sababu najua tunaloweza kufanya hapa baada ya nusu saa ya kwanza. Na kwa kuwa inawezekana kabisa michezo miwili ikatuacha sawa, naliomba benchi la ufundi lianze sasa kuchagua wapigaji watano wa penalti na kuwafanyisha mazoezi wakiwa wamechoka, mwishoni mwa mazoezi, badala ya kuwauliza pale katikati ya uwanja nani anajisikia. Beki wetu wa kati, yule mrefu anayeogopwa na washambuliaji, ameniambia kwamba hajawahi kupiga penalti maishani mwake katika mchezo wa mashindano. Ni afadhali tumejua sasa.

Mwisho nina neno kuhusu malazi, kwa kuwa najua hoja ya gharama itarudi mezani. Rungwe na Kyela zilikuwa wilaya moja zamani, lugha yetu ni moja, na sijui familia hapa Tukuyu isiyo na shangazi, mkwe au binamu kule ziwani. Watu wa Kyela watashangilia kwa nguvu zote tukifungwa, hilo ni haki yao, lakini hakuna mama wa Kinyakyusa atakayemfukuza mlangoni mtoto wa ndugu yake eti kwa sababu amekuja kucheza mpira. Tukikosa fedha za nyumba ya wageni, kila mwenye jamaa Kyela mjini au jirani na mji amwandikie leo, aulize ni vijana wangapi wanaweza kulala kwake kuanzia Alhamisi, kisha alete jibu kwa katibu wa timu kabla ya mkutano wa Jumapili hii, ili vijana wawe karibu karibu na kocha aweze kuwapitia wote usiku kuhakikisha wamelala. Mimi dada yangu anaishi huko tangu alipoolewa. Nimezungumza naye kwa simu jana jioni, amekubali kuwapokea watatu, na ameomba nimwambie mapema kama yumo asiyekula samaki.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe, Mbeya.